Pumba za Jiwe la Kijani

Mwone kwanza anavyofika, wewe unayenisikiliza. Ni asubuhi ya mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na tatu. Mvua imetoka kuacha, na mbele ya gare, stesheni ya treni ya Kolwezi, hakuna hata mahali pa kuweka mguu. Maturubai, masanduku, vitanda vilivyobomolewa na kufungwa kwa kamba, masufuria, watu wamelala juu ya vitu vyao wakingoja treni ya Kasai. Katikati yao anapita mwanamke mmoja mnene, kitenge amekikaza kiunoni, kichwani sufuria ya bukari, ugali wa kwao, iliyofunikwa, kwapani ubao mpana kama mlango wa kabati. Watu wanamgeukia. Wote pale wanangoja kutoka na vitu vyao, yeye peke yake anaingia na vyake.

Huyo ni Mama Elise Mwenze wa Kapata, mtaa wa kampuni ya migodi.

Mume wake, Tata Tharcisse, alikuwa fundi wa chuma kwa kampuni. Lakini kampuni ilikuwa imekwisha kuanguka. Mshahara ulikuja siku ulipotaka, na mifuko ya unga iliyokuwa ikigawiwa kila mwezi watu walibaki kuihadithia tu. Basi Mama Elise, mwenye mtoto wa kwanza aliyekwisha kuota ndevu, akarudi shuleni. Sehemu ya kukata na kushona, mwaka wa mwisho. Aliketi benchi moja na wasichana ambao angaliweza kuwazaa, nao wakamwita Kambo, yaani bibi. Hakukasirika. Kwa mkasi hakuna aliyemfikia.

Shida yake ilikuwa moja: rangi. Ili upate diploma, jury, wazee wa kupima mtihani, ilitaka uchore nguo kwenye karatasi nzito na kuipaka rangi za maji, hivi kwamba mteja aone kitambaa kabla hakijakatwa. Mwaka ule jury iliagiza nguo ya sherehe, kitambaa kizito, cha kijani. Na fwaye ya Kapata, nyumba ambamo wanawake hufundishwa kushona, ilikuwa inatafuta monitrisi, yaani mwalimu wa kike. Mwenye diploma tu. Mama Elise aliitaka kazi ile kama mgonjwa anavyotaka maji, lakini kila alipopaka, nguo yake ilitoka kama kitambaa cha kusugulia sufuria.

Aliyejua kumsaidia alikuwa Madame Tshimanga Ernestine, mwalimu wa kuchora. Madame alizaliwa Kolwezi, akasoma Kolwezi, lakini wazazi wake walitoka Kasai, na mwaka ule watu wa Kasai walikuwa wanafukuzwa kama wageni. Siku moja vijana waliingia nyumbani kwake, wakachukua hata boksi la rangi la shule, yeye wakamsukuma mpaka gare. Shule ikamweka Tata Gradi mahali pake. Mtu mwema kabisa, mwalimu wa hesabu, lakini rangi alizozijua ni zile za timu za mupira.

Kwa hiyo Mama Elise alimfuata mwalimu wake gare.

"Yambo, Madame."

"Yambo, mama. Mbona unakuya na mulango?"

"Haiko mulango. Ni planshi yangu ya kuchora. Jury iko mu mwezi ya sita, na mi sijue kupakala rangi."

Madame Tshimanga alikuwa ameketi juu ya valizi yake ya nguo, miguu ndani ya matope. Akaangua kicheko mpaka majirani wa turubai wakachungulia.

"Elise! Banifukuza ku kazi, banifukuza ku nyumba, na weye unanifuata na devoir ya masomo?"

"Ndiyo. Kula mbele, masomo nyuma," akasema Mama Elise, akimfunulia bukari.

Hivyo ndivyo masomo yalivyoanza. Rangi hawakuwa nazo, basi walianza na chai. Usicheke. Ukitaka kujifunza rangi za maji na huna hata kibokisi, pika chai kali, uiache ipoe, utajifunza nusu ya kazi.

Madame alimwonyesha kwanza kulowesha karatasi pande zote mbili na kuibandika ubaoni kwa kola, gundi ya mihogo, pembeni tu. Ikikauka inajikaza kama ngozi ya ngoma, na hata ukiimwagia maji haikunjamani. Halafu makopo mawili ya maziwa: moja la kuoshea brosi ya kupakia, moja la maji safi, wala usiyachanganye. Halafu ubao ukalazwa juu ya valizi, upande mmoja umeinuka kidogo.

"Jaza brosi. Pita toka huku mpaka kule. Unaona tone inakusanyika apa chini? Mustari wa pili unaichukua hiyo tone, unashuka nayo. Pole pole. Elise, hapana kurudia!"

Mama Elise alikuwa amekwisha kurudia. Pale alipogusa mara ya pili maji yalifunguka, yakatoa doa lenye kingo za kukunjana kama jani la kabichi.

"Eee, inatoka kama shu," akasema kwa huzuni.

"Njo vile inakuwa. Karatasi yenye inaanza kukauka hapana kuigusa. Weka mugongo ya mukono. Ukisikia baridi, ingali na maji."

"Na nyeupe? Pahali ya mwangaza napakala nini?"

"Hapana kitu. Nyeupe ni karatasi yenyewe. Unaiacha. Ukiifunika, imeenda."

Hapo Mama Elise alitikisa kichwa kukubali. Hilo alilielewa zaidi ya wasichana wote, maana ni sawa na mkasi: kitambaa kikishakatwa hakirudi. Tangu siku ile, kabla ya kugusa maji alipitisha kidole juu ya karatasi akitafuta wapi ataacha, kama anavyotafuta mahali pa mkasi. Kisha alianza na chai nyepesi, akangoja ikauke, akaongeza nzito kwenye mikunjo tu. Rinda lilianza kuonekana.

Kwenda na kurudi hakukuwa mchezo. Vijana waliosimama njiani walimjua.

"Ee mama! Unaenda kusoma kwa bakuyakuya? Treni itakubeba na weye!" Bakuyakuya, yaani waliokuja tu, ndivyo walivyowaita watu wa Kasai.

"Ikiwa na nafasi ya haya matako, mutaniita," akawajibu bila kusimama. "Kwa sasa mutoke mu njia, bukari inapoa."

Walicheka wao wenyewe, wakampisha. Lakini usidhani hakuogopa. Alipofika kwa Madame, kitenge kilikuwa kimelowa jasho mgongoni.

Basi chai alikwisha kuijua. Ila nguo ya jury ni ya kijani, na kijani hapati. Wasichana wengine waliletewa viboksi na ndugu zao wa Lubumbashi. Yeye ndugu zake walikuwa kaskazini, wakulima wa mihogo. Ni Tata Tharcisse aliyeuliza, akiwa ameketi mlangoni, "Kijani ya namna gani?" Na mlango wenyewe ulikuwa umezuiwa na jiwe la malakita, jiwe la shaba, kijani kibichi, ambalo kila nyumba ya Kapata ilikuwa nalo moja ao mawili bila kulitazama.

Mama Elise aliliangalia jiwe. Tata Tharcisse akamwangalia yeye.

"Hapana," akasema mume. "Upepo utafunga mulango."

"Utaushika na muguu."

Madame aliposikia alipiga makofi. Rangi ya maji, akamweleza, ni unga wa rangi, utomvu wa mti wa miiba ulioyeyushwa, na asali kidogo ili isipasuke ikikauka. Utomvu na asali vililetwa na Tata Abibu, mwenye lori la njia ya Dilolo. Alipoambiwa asali yake itapakwa kwenye karatasi, alishika kichwa. "Mama, asali ya Dilolo! Hata nyuki balilia!" Lakini aliiacha chupa.

Sasa hapa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipotaka kuharibika.

Mama Elise alichukua kinu kilichopasuka, kisichotwangiwa chakula tena, akaliponda jiwe. Alitwanga kama alivyofundishwa na mama yake kutwanga mahindi. Akachekecha kwa kitambaa chepesi, unga akauweka, pumba akazitupa chini ya upenu. Unga ulikuwa laini, ungeweza kumpaka mtoto mchanga. Akachanganya utomvu na asali, akapaka.

Rangi ikatoka kama maji yaliyooshewa sombe, majani ya mihogo.

Akafikiri hajatwanga vya kutosha. Akatwanga tena, akachekecha tena, pumba akatupa. Ikawa nyeupe zaidi. Mwanamke wa Kapata anajua kwamba unga mbaya ni ule wenye chembe, basi akazidi kutwanga mpaka mikono ikavimba. Jirani yake, Mama Ndaya, alimwita juu ya ukuta.

"Elise, leo munakula bukari ya majiwe? Utuletee na siye!"

Siku hiyo Mama Elise aliuacha mchi chini. Aliingia ndani, akakaa kitandani, akawaza fwaye, akawaza wasichana na viboksi vyao, akafikiri afadhali aache.

Mvua ikanyesha. Maji ya bati yakashuka chini ya upenu, yakapiga pale pale alipokuwa anatupa pumba, yakaosha vumbi lote. Asubuhi ni Mama Ndaya tena:

"Elise! Nani anamwanga rangi apa?"

Alitoka miguu mitupu. Chini ya upenu udongo ulikuwa unang'aa kijani, kile cha jani la mgomba likiwa na jua nyuma yake. Zile chembe alizokuwa anazitupa ndizo zilizobeba rangi. Jiwe hili si mahindi: kadiri unavyolisaga, ndivyo linavyofifia. Akapiga magoti pale pale akizikusanya kwa kijiko, huku anacheka peke yake, na Mama Ndaya akaruka ukuta kuja kumsaidia ingawa hakujua wanaokota nini.

Akaziosha ndani ya beseni: koroga, acha kidogo, mwaga maji yenye vumbi, chembe zinabaki chini. Utomvu, asali, brosi. Zilipogusa karatasi, chembe zilishuka zikakaa ndani ya vishimo vyake vidogo, kila moja mahali pake. Ilipokauka haikuonekana tena kama rangi. Ilionekana kama kitambaa, kizito, chenye manyoya, ambacho ungetaka kukishika.

Alikimbia nayo gare. Madame aliitazama, akaisogeza kwenye mwanga, akairudisha.

"Elise. Hii ni velour."

Kwa furaha Mama Elise akaipeleka brosi mdomoni kuinyoosha ncha, kama anavyolowesha uzi kabla ya kuutia tundu la sindano. Madame akampiga mkono, brosi ikaruka.

"Sumu! Hii ni shaba, mama! Unataka kufa mbele ya jury?"

"Nyuma ya jury basi," akasema Mama Elise, wakashikana mabega wakicheka.

Treni ilikuja mchana mmoja wa mwezi wa tano bila kutangaza. Watu walipanda mpaka juu ya mabehewa. Mama Elise alipofika, Madame alikuwa amekwisha kusukumwa ndani, kichwa tu kinaonekana kwenye dirisha lisilo na kioo. Hawakuweza kushikana mikono. Treni ilipoanza kuvuta, Madame alipaza sauti juu ya vilio vya watu:

"Ikauke kabisa mbele ya kuibandua ku ubao! Elise, unasikia? Ikauke kabisa!"

Alisikia. Alisimama pale mpaka moshi ukaisha.

Siku ya jury, préfet, mkuu wa shule, aliwakusanya wanafunzi ukumbini, akawaonya: Mkiulizwa nani aliwafundisha, mseme Tata Gradi. Hatutaki matatizo. Tata Gradi mwenyewe alikuwa amesimama nyuma, anatazama viatu vyake.

Planshi zilipangwa ukutani. Rais wa jury, mzee mwenye miwani miwili ya kubadilisha, alipita polepole. Alipofika kwa ile ya Mama Elise alisimama, akakunja uso.

"Nani amebandika kitambaa apa? Ni marufuku. Tunataka rangi."

Akaweka ukucha kwenye pindo la rinda ili akibandue. Ukucha ukateleza. Akabadilisha miwani. Akajaribu tena, na safari hii akabaki na chembe moja ya kijani chini ya ukucha, akaisogeza karibu na miwani. Wasichana walianza kuchekea viganjani.

"Hii ni rangi?"

"Ni rangi, tata. Ni jiwe ya apa kwetu."

"Nani alikufundisha?"

Mama Elise alimwona préfet akimkazia macho. Aliiona diploma, akaiona fwaye, vyote vipo mkononi mwa mzee huyu.

"Madame Tshimanga Ernestine," akasema. Na kwa kuwa alisema kwa sauti ndogo, akarudia kwa sauti kubwa. "Madame Tshimanga Ernestine."

Kisha nyuma ya ukumbi sauti ya mwanaume ikatoka.

"Ni kweli," akasema Tata Gradi. "Mi nafundisha hesabu."

Aliyeanza kucheka ni rais wa jury mwenyewe. Akaandika alichoandika, akasogea kwenye planshi ya pili.

Majina yaliposomwa, la Elise Mwenze lilikuwa la kwanza. Wasichana walipiga vigelegele, "Kambo! Kambo!", na Mama Ndaya, aliyekuwa akingoja langoni mwa shule na kopo la poda, akammwagia lote kichwani, kama wafanyiwavyo waliofaulu, mpaka akawa mweupe kama karatasi isiyoguswa. Tata Tharcisse alicheza mbele yake njia nzima mpaka Kapata, na watu walitoka kwenye nyumba za kampuni kuangalia mtu gani anasherehekewa mwaka kama ule.

Fwaye akaipata. Alifundisha pale miaka mingi, akianza na chai, na siku ya kwanza ya kila mwaka alitaja jina la aliyemfundisha, hata miaka ambayo watu hawakulipenda.

Wengine wanasema Madame alishukia Mwene-Ditu, wengine wanasema aliendelea mpaka Kananga. Habari kamili haikufika. Basi wewe unayesafiri, ukimkuta huko mwanamke anayelaza ubao juu ya valizi, utamwambia nini kwanza: kwamba mwanafunzi wake alifaulu, ao kwamba jina lake lilisemwa mara mbili ndani ya ukumbi ule?