O ya Kikombe cha Mama

Enzi zetu, herufi zilitoka jikoni. Papa, baba yetu, mwandishi wa vibao hapa Kindu, alikuwa na rula, kalamu ya risasi na kikombe cha bati alichomwibia Mama. Alikifudikiza ubaoni, akazungusha kalamu, akapata O. Nusu yake ilikuwa C. Nusu na mstari, D. Unene mmoja juu mpaka chini, bila mikia wala madoido. Duka la dawa, kanisa, pirogi, mitumbwi yetu ya mtoni, vyote vilivaa herufi zile. Tukimuuliza mbona hazipambi kidogo, alijibu, "Mutu anakimbia hasome mikia."

"Kikombe yangu iko wapi?" Mama aliuliza kila asubuhi, na chai yetu ilinuka rangi. Siku moja nilikiangusha, mdomo wake ukabonyea. Nilichapwa, weee! Tangu hapo kila O ya Papa ilikuwa na kibonde.

Kisha vita vikaingia mjini. Papa alikuwa ng'ambo ya mto akiandika kibao, kikombe mfukoni. Mimi na Mama tulikimbilia Lokandu. Miezi ikapita bila habari zake. Mama aliacha hata kugomba, na mimi niliogopa kwamba nimekuwa yatima.

Siku moja tukifua mtoni, ikafika pirogi mpya yenye jina POLEPOLE. Mama akaachilia nguo zikaenda na maji. O zote mbili zilikuwa na kibonde.

"Njo kikombe yangu!" alipiga kelele, kwamba ndicho chenyewe.

Mwenye pirogi akashangaa. "Muzee mwenye kuandika iko ng'ambo ya Kindu, muzima kabisa. Ile kikombe anatukatalia hata kunywea mayi!"

Tulicheka huku tunalia. Papa alipotufikia, Mama alidai kikombe kabla ya salamu.

Siku hizi binti yangu Aziza anachapisha mabango. Juzi alinionyesha herufi za kompyuta: "Mama, angalia, hii njo ya kisasa!" Nikaona duara na mistari, unene mmoja, bila mikia. Vijana wa leo bwana, wanatuuzia kikombe chetu wenyewe! Nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Zinapendeza, kwenye bango hata kwenye simu, sikatai. Lakini O zao ni zilezile Kindu, Pangi na Kinshasa, huwezi kujua mkono wa nani.

Papa ametutoka, kikombe ninacho mimi. Nilimpelekea Aziza, nikamwomba achore nacho O moja tu kwenye kibao cha duka lake. Akaguna, akachora, kisha akataka kukisawazisha kibonde cha O ile.

"Acha vile," nikamwambia. "Siku tutapotezana, njo kile kitanionyesha kama uko muzima."