Koti la Kulia Chakula Melini

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikiona mwanamume amesimama mbele ya kioo. Nitakusimulia, mwanangu Ibrahim, lakini kwanza nikujibu swali lako ili usinikatize. Umenitumia picha za makoti matatu kwenye simu ya mama yako, ukauliza lipi ulivae ile jioni ambayo wasafiri wote wa meli ya watalii hula chakula wakiwa wamevaa rasmi. Vaa la bluu iliyoiva. Jeusi linakubana mabegani, na hilo jeupe, samahani, linakufanya ufanane na mhudumu. Haya, hilo limekwisha. Sasa tulia unisikilize.

Hukuniuliza mimi kwa sababu najua fasheni. Umeniuliza kwa sababu umesikia kwamba ayeeyo yako, nyanya yako huyu, ndiye aliyemvisha babu yako alipopanda meli kwenda Bombay. Ni kweli. Nilikuwa bi harusi mbichi hapa Garissa, na nchi ilikuwa imepata uhuru juzijuzi tu. Vita vilikuwa vimewaka huku kwetu. Jua likizama hakuna aliyetoka nyumbani, na bila kibali huendi popote. Babu yako Yusuf alikuwa msaidizi katika ofisi ya mifugo, kijana mpole, mwembamba, mwenye aibu hata ya kuomba chumvi. Alichaguliwa kwenda kusomea dawa za wanyama. Wakamwambia kwamba melini wanaume huingia chumba cha chakula na koti na tai.

Tai gani, mwanangu, katika mji uliojaa ngamia! Koti tulilipata kwa Mwarabu mmoja mwenye duka. Alilishonesha kwa arusi yake mwenyewe, kitambi kikaja kikalikataa, basi akampa Yusuf kwa roho safi pamoja na tai yake. Lilikuwa jeusi, zito, na mabega yake yalimtosha Yusuf na mtu mwingine. Nililifumua nikalipunguza kwa mkono, nikalipiga pasi ya makaa huku nimetandika kitambaa chenye maji juu yake ili lisiungue. Nililipenda koti lile kuliko nguo zangu zote za arusi.

Shida haikuwa meli. Shida ilikuwa njia ya kufika melini. Malori yalikwenda kwa msafara, na askari mbele na nyuma. Mwanamume aliyevaa macawiis, hii shuka yetu ya kiunoni, askari wa kizuizini walimtazama wakaona shifta, muasi wa msituni anayepigana na serikali. Aliyevaa suruali, koti na tai, watu wa msituni wakisimamisha lori walimwona mtu wa serikali. Wote wawili walikuwa na bunduki. Kwa hiyo asubuhi ya safari hatukuwa tukichagua urembo. Tulikuwa tukichagua nguo ambayo mume wangu angefika nayo akiwa hai.

Mimi nilishikilia avae suti kamili toka nyumbani. Nilitaka kizuizini waone karani, wampishe. Yusuf akavaa. Akajitazama, akakumbuka msitu, akavua, akavaa macawiis. Akakumbuka kizuizi, akavua tena. Nikakasirika, naye jasho likamtoka, na shati jeupe nililolinyoosha likaanza kukunjamana.

Mama yake, Hooyo Dahabo kama tunavyomwita mama kwa Kisomali, alikuwa ameketi mlangoni akisafisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto. Mama mkwe yule hakuwa mtu wa maneno mengi, na mimi nilimwogopa kidogo. Akaweka kibuyu chini.

"Yusuf, unamvalia nani?"

"Nawavalia wote, Hooyo. Wa kizuizini, wa msituni na wa melini."

"Na mimi?"

Yusuf akanigeukia mimi kama vile jibu ninalo, na mimi nikatazama pasi.

"Nyinyi watoto mnatafuta nguo ya kumficha mtu," Hooyo akasema. "Huyu akianguka njiani, Mungu apishe mbali, nataka atakayemkuta ajue ni mtoto wa nani na wa dini gani, amrudishe kwetu. Vaa kama unavyovaa Idd. Suruali ya wenyewe utaivaa ukifika kwa wenyewe."

Ilinichoma, sikufichi. Lakini nilimvisha kama alivyotaka. Macawiis mpya, shati jeupe, kofia yake ya kufumwa, na juu yake lile koti jeusi la arusi ya Mwarabu. Suruali na tai nikazikunja ndani ya sanduku la bati. Basi ukimwona, unamjua. Ni Msomali wa Garissa anayekwenda mahali pa heshima, hana la kuficha.

Tulimsindikiza mpaka karibu na kizuizi. Askari kijana akamsimamisha.

"Vua koti. Mtu wa shuka anapata wapi koti kama hili?"

Yusuf akavua. Askari akaanza kulipapasa bitana kwa nguvu, nikasikia uzi wangu ukikatika. Aliyewekwa kando siku zile hukujua atarudi lini, au kama atarudi. Kibali kilikuwa mkononi mwa Yusuf, lakini kwa haya zake hakukinyoosha. Ndipo Hooyo Dahabo, ambaye tangu vita vianze hakuwa amesema neno na askari yeyote, akajifunika shali vizuri akaenda mbele na Kiswahili chake kisicho na p.

"Askari, bole bole na hiyo koti. Bibi yake alibiga basi mbaka mkono iliungua. Hii ni mtoto yangu. Anaenda kusoma dawa ya ng'ombe."

"Mama, huyu ni mtoto wako kweli?"

"Angalia sura yake, angalia yangu. Wewe mama yako iko wabi?"

Yule kijana akaacha kulipapasa koti. "Yuko mbali, mama. Sijamwona siku nyingi."

"Allah abatie yeye afya, akuone tena."

Askari akasoma kibali, akakirudisha. Halafu, mwanangu, akalikung'uta vumbi lile koti, akalishika mabegani, akamshikilia Yusuf aingize mikono, kama mtu anayemvisha kaka yake. Nililia pale pale.

Yusuf alipotaka kupanda lori, Hooyo akamwita. "Geuka nikuone nyuma." Mtu mzima na haya zake, akageuka mbele ya msafara mzima. Hooyo akamshusha koti nyuma, akamwekea kofia sawa, akasema, kama mama zetu wanavyowaita watoto kwa jina lao wenyewe, "Umependeza, hooyo. Nenda."

Akafika salama. Melini alivaa suruali, Mhindi mmoja akamfunga tai, na kofia yake akakataa kuivua. Jioni ile ya kwanza, aliniambia, bahari ilimvuruga tumbo hata akala ndizi moja tu, na koti lote lile!

Lakini alipokuwa huko, tuliamriwa na serikali kuhamia kijiji kilicholindwa na askari, watu tukarundikana, homa ikaingia. Hooyo Dahabo alifia mikononi mwangu. Yusuf aliporudi aliniuliza kama mama yake alimsubiri kwa huzuni. Nikamwambia ukweli, kwamba kila jioni aliwasimulia wanawake wenzake jinsi mwanawe alivyogeuka pale barabarani, na kila jioni alilisifu koti upya. Babu yako alilia sana, kisha akashukuru, kwa kuwa mama yake alikuwa amemwona.

Ndiyo nasaha yangu, Ibrahim. Chagua koti linalokaa begani, viatu ulivyokwisha kuvizoea, shati la pamba kwa sababu ya joto la baharini. Usijigeuze mtu mwingine kwa kuwa meza ni ya wageni. Wao watakutazama jioni moja, kisha watageukia sahani zao. Kabla hujashuka Mombasa na mkeo Nasra, pitieni Garissa. Najua ni kuzunguka. Njoo uvae vyote hapa uani kwetu, mtaa wa Iftin, mchana kweupe. Mama yako hawezi kukuomba uje, ataona anakusumbua. Ila hizo picha ulizotuma amekuwa akizikuza kwa vidole tangu asubuhi, na kioo cha simu kimepasuka, hakuoni vizuri.

Mungu akufungulie njia ya nchi kavu na ya maji, mwanangu. Akujaalie uzee wenye watu wa kukuvalia. Na akurudishe ukiwakuta wote uliowaacha. Amin.