Sailensa ya Tatu ya Walburga

Walburga aliisikia Land Rover yake kabla ya kuiona. Ilikuwa inapanda kutoka ziwani ikinguruma hata mtaa mzima wa Mbinga ukatoka nje kutazama. Egidi, dereva wake, alipozima injini alizunguka nyuma, akatoa sailensa ya bomba la moshi iliyopasuka na kuiweka chini mbele ya bosi wake, akiwa ameinamisha kichwa.

"Imeanguka tena, mama."

"Naona."

Hiyo ilikuwa ya tatu kwa mwaka mmoja. Sailensa iliyokuja na gari, Walburga aliponunua Land Rover hiyo kwenye mnada wa misheni, ilidumu miaka bila kuguswa. Ilipokufa kwa uzee, soko huria lilikuwa limeshafika Songea. Spea ambazo zamani mtu aliandikisha jina akasubiri mpaka akasahau, sasa zilining'inia madukani kama nyama buchani, zimepakwa rangi ya fedha, bei ya kumvutia kila mtu. Walburga alinunua. Ya kwanza ilitoboka kabla ya masika kwisha. Ya pili ilimeguka kwenye maungio. Zote zilifungwa na fundi mmoja: Joakim, mwenye gereji nyuma ya soko la kahawa.

Walburga alianza kumtilia shaka Joakim tangu ile ya pili. Yeye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara, alipeleka maharage ya kijiji cha Kitura ziwani na kurudi na usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, waliokaushwa, na katika kazi hiyo alishauziwa magunia yenye mchanga katikati. Alijua kitu kizuri kinavyoweza kubadilishwa njiani. Kwa hiyo aliponunua sailensa ya tatu, kabla ya kuipeleka gereji, alichukua msumari akachora msalaba mdogo karibu na mshono. Kama Joakim angeiuza mpya na kumfungia mtumba uliopigwa rangi, angemkamata.

Sasa aliinama, akakwangua masizi kwa kucha. Msalaba ulikuwepo.

Mtu mwingine angepumua. Walburga alikunja uso zaidi. Kama fundi hakuibadilisha, basi aliichomelea ovyo makusudi, ili gari lirudi kwake kila mara. Jioni hiyo alimwita binti yake, Devotha, aliyekuwa ananyonyesha mtoto wake wa kwanza.

"Ubatizo ni Jumapili baada ya sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria?"

"Ndiyo, mama."

"Mtafute baba wa ubatizo mwingine."

Devotha alimtazama. Joakim alikuwa ameshakubali kumsimamia mtoto, na padri alishaambiwa. Kwa watu wa huko, aliyemsimamia mtoto ubatizoni ni ndugu wa ukoo mzima. Kumwondoa ni kumtangaza mwizi bila kufungua mdomo.

"Kwa sababu ya bomba la moshi?"

"Kwa sababu ya mkono. Mkono unaoniibia ndio utakaoshika mshumaa wa mjukuu wangu?"

"Una ushahidi?"

"Ninayo masikio. Hukusikia gari linavyonguruma?"

Devotha alikwenda gereji kesho yake, macho chini, akasema alichotumwa. Joakim, aliyekuwa akiichomelea upya sailensa ileile aliyoletewa na Egidi, alisikiliza, akajibu "sawa", akaendelea na kazi.

Shaka haikuishia hapo. Usiku Walburga aliwaza: na Egidi je? Huenda anaibamiza kwenye mawe ya mteremko akikimbiza abiria wake wa wizi. Safari iliyofuata akapanda naye mbele, akahesabu kila jiwe. Egidi aliendesha kama amebeba mayai.

"Leo umekuwa mpole, Egidi."

"Mama, umenitolea macho tangu Mbinga. Hata kukohoa naogopa."

Walifika ufukwe wa Mbaha. Usipa walikuja kwa mitumbwi kutoka vijiji visivyo na barabara, na wanunuzi walikuwa wengi kuliko magunia. Zamani, ushirika ukiwa mnunuzi pekee, gari lilisimama juu penye ukavu na wapagazi walibeba taratibu. Ni Walburga aliyegundua njia ya kuwashinda wenzake: gari lirudi nyuma mpaka ndani ya maji, mtumbwi uguse bodi, gunia livuke bila kulowa. Alijivunia mbinu hiyo. Kila safari yeye ndiye aliyesimama juu ya bodi kupokea.

Siku hiyo, kwa kuwa alikuja kupeleleza, alibaki mchangani. Kwa mara ya kwanza akaliona gari lake likiingia ziwani.

Maji yalipoigusa sailensa iliyotoka kushuka milima, yalilia chwaa, mvuke ukatoka chini ya gari kama sufuria iliyofurika. Egidi akazima injini. Mapovu yalitoka kidogo, yakakoma. Magunia yalipokwisha, gari likawashwa, na bomba likatema maji ya rangi ya matofali.

"Huwa linatema hivyo?" Walburga aliuliza.

"Kila siku, mama. Wewe huwa uko juu, unapiga kelele 'lete, lete'."

Njiani kurudi hakuhesabu mawe.

Alikwenda gereji mwenyewe, akaeleza alichokiona. Joakim alichukua patasi, akaipasua ile sailensa ya pili iliyokuwa imetupwa pembeni. Bati lake lilikuwa jembamba kama la kopo la maziwa, mshono umekunjwa mara moja tu, rangi ya fedha nje, ndani hakuna kitu ila kutu inayomenyeka kwa kidole.

"Bati hili lingekufa tu," alisema. "Lakini polepole. Ukilichovya likiwa la moto, mshono unaachia. Ukizima injini majini, hewa ya ndani inapoa na kusinyaa, maji yanavutwa yajaze nafasi. Unapanda nayo mpaka huku, yanakaa humo yanakula."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mimi nimewahi kufika Mbaha na gari lako? Nilidhani Egidi anavuka mito hovyo. Au wewe unanunua uchafu makusudi." Akafuta mikono. "Na ule msalaba niliuona, Mama Devotha. Siku uliponiletea."

Walburga aliliinamia lile bati lililopasuliwa.

"Hatujapata msimamizi mwingine," alisema.

"Nitasimama. Mtoto hajanishuku."

Jumapili ile Joakim alishika mshumaa, akaitikia kwa sauti yote. Nyumbani alikula, akampakata mtoto, akacheka na Devotha. Walburga alimpelekea bia mwenyewe. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka chini ya kiti bila kuifungua.

Walburga aliponunua sailensa nyingine, safari hii akiigonga kwa ngumi na kuipima uzito mpaka mwenye duka akachoka, Joakim alikubali kuifunga. Ila alimzuia Egidi asiondoke gereji.

"Kaa hapa, uone kila boliti," alimwambia. "Nyumbani utaulizwa."