Mpaka Unga Ufike Alama

Kwenye televisheni, wanaobishana kuhusu uchumi huvaa suti na kuwekewa chupa za maji. Mama mdogo wangu hubishana akiwa na unga mpaka kwenye kope. Mimi niliyetoka chuo kikuu na shahada ya uchumi nasema bila haya: sijasikia bado mwenye suti wa kumshinda.

Ana miaka ishirini na miwili katika kiwanda kidogo cha mikate nyuma ya ghala la saruji. Kazi yake ni kukanda. Wenzake kumi na mmoja humwita Bi Hamira, kwa sababu, wanasema, ukimweka popote patavimba tu. Shule aliiachia darasa la saba. Mengine amefundishwa na redio iliyofungwa kwa waya juu ya mlango. Taarifa ya habari ya saa saba mchana ikiisha, anapangusa mikono na kuuliza, "Haya, nani anabisha?"

Hubishana unga unapoumuka. Ndani ya pipa la kuumulia pamepakwa mstari mwekundu. Unga ukifika kwenye alama hiyo, mdomo unafungwa hata kama uko katikati ya neno, na mikono inaingia kazini. Sheria hiyo aliiweka yeye mwenyewe, baada ya siku ambayo ubishi wa bei ya dizeli uliwanogea mpaka unga ukamwagika sakafuni na wote wakakatwa ujira wa siku.

Alhamisi moja mchana nilimpelekea miwani aliyoisahau nyumbani, nikakuta tangazo limebandikwa ukutani: mishahara haitapanda mwaka huu. Mwaka wa pili mfululizo. Bi Hamira alikuwa ameshamwambia tajiri, mwenye kiwanda, kwamba hawezi kuzuia mishahara ya watu bila kuwapa sababu, na tajiri, mtu wa utani, akacheka.

"Basi bishana na mhasibu wangu. Kwa sheria zenu hizo hizo. Nikishawishika, nalibandua tangazo. Alama ikifika hujanishawishi, linabaki."

Mhasibu alisimama kando ya pipa, shati jeupe, kalamu mfukoni. Si mtu mbaya. Alizungumza vizuri, na mengine aliyoyasema nilifundishwa mimi pia, kwa kitabu kile kile.

"Ndugu zangu, bei zinapanda kila mahali. Benki kuu imepandisha riba ili kuzituliza. Mkopo wa tanuri hili unatuuma zaidi kila mwezi. Mkiongezwa mshahara, mkate lazima upande bei. Mkate ukipanda, wengine nao watadai mshahara, na bei zitapanda tena. Ni mduara. Mtu mmoja lazima aukate."

"Na mkasi umetuangukia sisi," alinong'ona mchoma mikate, na wawili wakakohoa kuficha kicheko.

Mhasibu aliendelea. Akaeleza riba, akaeleza sarafu yetu inavyoshuka, akaeleza mauzo ya maduka. Nilitupia jicho pipani. Unga ulikuwa umebakiza upana wa vidole viwili. Jamaa alikuwa anaimaliza saa, naye anajua.

Alipokaa kimya, unga ulikuwa umegusa mstari.

"Alama!" tajiri akapiga makofi. "Pole, Bi Hamira. Sheria ni yako."

Mama mdogo alikunja mikono ya gauni, akainama, akazamisha ngumi katikati ya unga mpaka kwenye kiwiko. Hewa ikatoka kwa mlio mzito na donge lote likanywea hadi chini.

"Huo ni ujanja!" mhasibu akaruka.

"Ni kazi, baba. Unga mzuri hupigwa ukaumuka mara mbili. Wewe unakula mkate kila siku, hujui?" Akavaa miwani. "Sasa ni zamu yangu. Mshahara wetu umepanda lini mara ya mwisho?"

"Miaka miwili iliyopita."

"Na mkate umepanda bei mara ngapi tangu hapo?"

Mhasibu akamtazama tajiri. "Mara tatu."

"Mara tatu, sisi tumelala! Na mizani je? Nakata donge la gramu mia nne na hamsini pale palipokuwa na mia tano. Hiyo ni mara ya nne, ila hamkuibandika ukutani. Kama mshahara ndio unaosukuma bei, nani alisukuma tulipokuwa tumelala?"

"Ngano inatoka nje, mama, na sarafu—"

"Ahaa! Ngano, sarafu, riba. Umeyataja mwenyewe, na hakuna hata moja lililofanywa na mikono hii. Halafu mkate wenu anaununua nani? Wapiga rangi, mafundi baiskeli, watu kama sisi. Wote wakizuiliwa mshahara, utamuuzia nani?"

"Kiwanda kimoja hakiwezi kuubeba uchumi mzima," mhasibu alisema, na hapo alisema kweli.

"Basi uchumi mzima nao usibebwe na watu kumi na wawili!"

Tajiri akajikuna kidevu, akamvuta mama mdogo pembeni, ila chumba ni kidogo na tulisikia. "Bi Hamira, wewe peke yako nitakuongeza. Kesho asubuhi. Tuyaishie hapa."

Mama mdogo alirudi kando ya pipa kabla hajamjibu. "Amesema ataniongeza mimi peke yangu," akawatangazia wenzake. "Nimekataa."

Unga ukafika kwenye alama mara ya pili. Mama mdogo akaitia mikono yake kwenye mifuko ya aproni. Mchoma mikate akamtazama, akaitia yake. Kisha mpakiaji. Kisha wote, hata yule mama anayepima sukari, ambaye huogopa mpaka kivuli cha mhasibu.

"Jamani, unga!" tajiri akasema.

"Mdomo tumefunga, kama sheria inavyosema," alijibu Bi Hamira. "Mikono inasubiri tangazo."

Unga ukaupita mstari. Ukafika ukingoni, ukatengeneza tumbo, likaanza kuning'inia nje. Tajiri alihesabu hasara kwa macho. Magari ya maduka yalikuwa yanakuja saa kumi.

"Nusu ya nyongeza ya mwaka huu sasa," akafoka. "Nusu baada ya miezi mitatu. Kwa wote!"

"Andika," mama mdogo akamwambia mhasibu. "Nyuma ya tangazo hilo hilo. Na gramu zetu hamsini zirudi."

"Gramu hapana!"

"Basi tutazibishania kesho. Andika hayo mengine."

Mhasibu akalibandua tangazo, akaandika, tajiri akasaini. Mama mdogo aliisoma karatasi mara mbili, akaibandika mwenyewe, ndipo akaenda kunawa mikono.

Mikate ya siku hiyo ilitoka na matundu makubwa, na uchachu kidogo. Magari yaliisomba yote.