Turubai la Dada Zainabu, Muthangari

Nilipanda treni Mombasa kwa sababu ya barua fupi. Dada yangu Zainabu, mjane na fundi wa kushona, alikuwa ametolewa chumba alichopanga Muthangari, akasimamisha turubai katika kiwanja kitupu cha tajiri mmoja hapo karibu. "Tumeambiwa tuondoke," aliandika. "Rukia anafanya mtihani wa darasa la saba baada ya wiki tatu. Sihami."

Saa tatu asubuhi nilishuka Nairobi. Nilitamani kuzunguka mitaa ya maduka nilikofanya kazi ujanani, lakini nikapanda basi la Westlands, kisha nikatembea.

Muthangari nilikuta turubai la kijivu kando ya ua wa michongoma. Ndani mlikuwa na cherehani, kitanda na vitabu vya binti yake Rukia. Wekesa, seremala wa Kakamega aliyepigilia vigingi vya turubai, alinipokea.

"Karibu, mjomba ya Rukia! Hii hoteli haina mlango. Kesho nyapara ya tajiri anakuja kuvunja. Nimemwambia huyu mama tuweke mikeka nje, tuseme kuko na matanga. Nani atavunja matanga?"

"Nisingizie kifo, na mwanangu ana mtihani?" dada alimkatiza. "Labda niseme umekufa wewe."

"Sema tu! Nitalala kimya."

Asubuhi, kabla nyapara hajafika, Zainabu alifungua kamba mwenyewe, akalikunja turubai, akalikalia katikati ya kiwanja na kuanza kushona kwa mkono. Nyapara akaja na vibarua wanne wenye mitaimbo.

"Turubai iko wapi?"

"Nimeikalia."

"Simama tuchukue."

"Umetumwa kuvunja turubai iliyosimama. Unaiona wapi? Au umetumwa kumshika mjane wa watu?"

Kibarua mmoja aliweka mtaimbo chini. "Mimi mkono yangu haishiki huyu mama. Shika wewe, bosi."

Wenzake wakacheka. Nyapara akaapa kurudi kesho.

"Njoo," dada alisema bila kuinua macho. "Utanikuta nimekunja."

Alasiri tulilisimamisha tena. Siku nne nilizokaa, tulikunja asubuhi na kusimamisha alasiri, huku Rukia akisoma popote kivuli kilipoangukia.

Nimerudi Mombasa. Juzi dada aliandika kwamba mtihani umekwisha, na vigingi ameving'oa mwenyewe, siku aliyoitaka yeye. Mimi nimehama miji mingi, nikijisifu kwamba napenda safari. Baada ya Muthangari najua mara ngapi nilikuwa nimefukuzwa tu, nami nikabeba mzigo bila hata kuuliza kwa nini.