Mkono Hadi Chini ya Gunia

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kituo cha kununulia majani ya chai, upande wa Kapsoit, nikiwa nimefunga tai. Msimamizi wa kituo hakuitazama. Alitazama mikono ya shati langu. "Hiyo kunja mpaka kwa bega," akasema. "Juu ya gunia kila mkulima ni msafi. Wewe ingiza mkono mpaka chini."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya karani mkaguzi. Majani ya chai yakishachumwa bado yanapumua. Mtu akiyashindilia kwa miguu ili mzigo wote uende kwa safari moja, yanapata joto, yanageuka mekundu, na chai yake inakuwa chapwa. Kwa macho huoni kitu. Nilishangaa sana: joto bila moto! Nikawa napima hata magunia yaliyokwisha kupita, nijue tu.

Wiki ya pili akaja Kiprono. Tulisoma naye shule ya msingi. Mimi nina kigugumizi, na yeye ndiye aliyeongoza darasa kuniiga, hadi nikaacha kunyoosha mkono hata jibu nikilijua. Aliponiona akapaza sauti: "Ka-ka-karani, habari ya si-siku?" Foleni nzima ikacheka. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke, lakini nilijiona nina miaka tisa. Nikapitisha gunia lake bila kuligusa.

Kesho yake msimamizi wa uzalishaji aliniita kiwandani, akanionyesha majani mekundu kutoka kituo chetu, yaliyomwagwa sakafuni. Nikamweleza ukweli wote, kwa shida. Alingoja mpaka nikamaliza, jambo ambalo sikulizoea.

"Sikukuandika kazi kwa sababu ya mdomo," akasema. "Lakini hii ikirudi tena, utaenda nyumbani."

Alhamisi Kiprono akarudi na salamu zile zile. Nikaingiza mkono. Joto kama la ugali uliofunikwa.

"Ma-ma-majani haya..." Akaanza kunimalizia. "Ngoja," nikasema. "Ni-nitamaliza mwenyewe. Majani haya yameungua. Rudi nayo."

Safari hii walicheka wachache. Mama mmoja nyuma akasema, "Si umesikia karani? Toa gunia, tupite." Kiprono akalitoa.

Miaka iliyofuata nilizunguka vituo vinne, hadi Kaplong, na kigugumizi hakikuisha. Vijana huniuliza dawa yake. Sina. Mimi huchukua muda wangu wote, mwenye haraka asubiri.

Nilipostaafu, swali moja lilibaki likiniwasha: kwa nini Kiprono aliniandama? Mwaka jana nikamkuta sokoni Bomet, mzee wa fimbo sasa, nikamuuliza. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mimi? Mimi sikumbuki kitu kama hiyo."

Miaka yote nimeubeba mzigo huu, kumbe mwenzangu aliutua palepale. Iliniuma, sidanganyi.

"Mi-mi-mimi nakumbuka," nikamwambia. "Keti nikuelezee."

Akaketi. Ilichukua karibu saa nzima, na hakuondoka.