Siwezi Kulalamika

Ukitaka kujua mtu wa Barnsley, huku kwetu Uingereza, anaumwa kiasi gani, usimuulize yeye, muulize jirani. Mimi ndiye jirani wa Clive Hepworth, ukuta kwa ukuta, mwaka wa thelathini na moja huu, na nilichokisikia kwa masikio yangu kinanikereketa mpaka leo.

Clive aliingia kiwanda cha chupa akiwa na miaka kumi na saba. Kila mwezi alikatwa kitu kwenye mshahara, kikaenda kwenye mfuko wa pensheni wa kampuni binafsi. Mkewe Glenys alimuuguza mama mkwe miaka kumi na minane, hakuwahi kuwa na mfuko wake. Huo mmoja ulikuwa wa wote wawili.

Januari daktari akampiga Clive picha ya mapafu, akampa barua: hatamaliza mwaka. Nikamkalisha chini.

"Clive, nimeulizia. Watu huchukua robo ya mfuko kwa mkupuo bila kodi. Lakini mwenye barua kama yako, na hajafika sabini na tano, anaweza kuchukua wote, bila kodi hata senti. Glenys hatahangaika. Ila lazima uwaambie unaumwa."

"Nitawaambia," akasema.

Kampuni ya pensheni ikapiga simu Jumanne, nipo pale pale na kikombe changu cha chai. Aliweka sauti kubwa, maana mashine za kiwandani zilikwisha kumla sikio moja. Binti wa kampuni akauliza jina, akauliza anwani, kisha: "Na afya yako ikoje, Bwana Hepworth?"

"Siwezi kulalamika, binti yangu."

Yarabi! Nikamkanyaga mguu.

"Hakuna ugonjwa wowote mkubwa?"

"Kifua kidogo tu. Si unajua baridi hizi."

"Ana barua ya daktari!" nikapayuka.

"Samahani, nani huyo?"

"Redio," akasema Clive, akanikazia macho. Binti akacheka, akaendelea na maswali yake.

Alipokata simu nilimvaa. "We mzee una wazimu? Si tulikubaliana?"

"Nimwambie mtoto wa watu nakufa? Umesikia sauti yake? Hata miaka ishirini na mbili hajafika. Chakula cha mchana kingemshuka vipi?"

Ndiyo hivyo, robo ikaja bila kodi, ikaishia kwenye paa lililokuwa linavuja. Ile iliyobaki ikageuzwa malipo ya kila mwezi, kwa kiwango kidogo cha mtu mwenye afya njema. Kwenye fomu Clive aliweka alama penye pesa nyingi zaidi. Chini, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba malipo yanakoma akifa. Alikuwa na siku thelathini za kubadili mawazo.

Kila asubuhi nilimwita juu ya ua. "Umewapigia?"

"Leo Jumatatu, wana kazi nyingi. Nisiwasumbue."

"Na jana?"

"Jana si Jumapili, mwanamke wewe!"

Ningefanya nini? Kampuni haizungumzi na jirani. Glenys naye akawa anasema Clive anajua anachofanya.

Siku ya thelathini na sita tulimzika. Malipo yalikuwa yameingia mara moja tu, na ya pili hayakuja. Nililia, na sitaficha, nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa msiba.

Nikawapigia mwenyewe. Wakasema lalamiko litapokelewa, lakini lazima litoke kinywani mwa mjane. Basi nikamketisha Glenys mezani, nikamwekea barua ya daktari mbele ya macho.

"Leo hakuna aibu, mama. Useme yote. Useme alikuwa anakufa, na wewe huna kitu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Nikabonyeza namba. Akapokea kijana mmoja, mpole kabisa.

"Pole sana kwa msiba, Bi Hepworth. Unaendeleaje lakini?"

Glenys akainyoosha sketi yake magotini, akaisogeza barua pembeni kidogo.

"Siwezi kulalamika, mwanangu," akasema.